Hita ya sola kutoka Tanga mjini kwenda Lushoto: kipi kitaganda?

Msomaji wetu wa Chumbageni, Tanga, ameandika: «Nina hita ya sola ya lita 200. Paneli ni moja, bapa, ya mirija ya shaba chini ya kioo, na tangi limekaa juu yake. Maji ya bomba yanaingia humo moja kwa moja na ndiyo tunayooga. Nataka kuihamishia kwa wazazi wangu juu ya Lushoto, upande wa Shume, maana wao ndio wanaoteseka na baridi. Kaka anasema asubuhi nyingine za Julai majani ya bondeni huwa meupe kwa sakitu. Fundi mmoja amenishauri nimimine kulanti ya gari, ile dawa ya rejeta isiyoganda, kwenye mfumo. Mwingine anasema nivishe mabomba sponji, inatosha. Nimfuate yupi? Na hapa Tanga, nilipaswa kuwa na kinga hiyo tangu mwanzo?»

Tuanze na la mwisho kwa kuwa ni fupi. Tanga mjini hakuna kinachoganda. Hata usiku wa baridi kabisa wakati wa kusi, halijoto ya Chumbageni haikaribii nyuzi 10, na maji hayagandi mpaka yafike nyuzi 0. Atakayekuuzia dawa ya kuzuia kuganda kwa nyumba ya pwani, anakuuzia koti la sufu Ngamiani saa saba mchana. Hita ya pwani ina maadui wengine, ambao ni hewa ya chumvi na chokaa ya maji ya kisima. Tutawagusa baadaye, kwa sababu watasafiri na paneli yako hadi Lushoto wakiwa ndani yake.

Fundi wa kulanti usimfuate. Kulanti nyingi za gari ni ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu. Kiasi kidogo tu kikinywewa huharibu figo, na ni tamu, kwa hiyo mtoto haikatai. Tena katika mfumo wako maji ya paneli ndiyo hayo hayo yanayotoka bafuni. Ukimimina leo, kesho wazazi wameiogea, na kesho kutwa imekwisha yote, paneli imebaki na maji matupu. Mfumo wa maji ya moja kwa moja hautiwi dawa ya aina yoyote, hata ile isiyo na sumu.

Wa sponji yuko karibu na ukweli, ila amesahau kwamba paneli yenyewe haivishwi sponji, nayo ndiyo inayoganda kwanza.

Sababu ni hii. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukianza na usiku wa nyuzi 20 Tanga mjini, Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, utakuta kama nyuzi 11, na kwenye mita 1,900 kama 8. Hapo bado hakuna barafu. Lakini hewa baridi ni nzito. Usiku usio na upepo huteremka mteremkoni kama maji na kutuama bondeni, ndiyo maana kaka yako anaona sakitu kwenye majani ya chini wakati mahindi ya mlimani hayajaguswa. Bonde linaweza kufika nyuzi 4 au 3 huku nyumba iliyo mita hamsini juu yake ikiwa na 7.

Hatua ya mwisho inafanywa na paneli yenyewe. Umeinunua kwa sababu ni bamba jeusi lililolala likitazama anga. Mchana hupokea joto, na usiku, mawingu yakikosekana, hulirudisha joto hilo angani. Bamba hupoa likawa chini ya hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana paneli bapa inaweza kuganda wakati kipimajoto cha barazani kinasoma nyuzi 4 au hata 5, na mwenye nyumba akaapa kwamba hakukuwa na barafu. Usiku wa kuogopa, basi, si ule wa ukungu mzito unaowakunja watu kwenye blanketi. Ukungu na mawingu ni paa, hurudisha joto chini. Uogope usiku wa Juni hadi Agosti ambao nyota zinaonekana zote, upepo umelala, na ndani ya nyumba mnasema leo si baridi sana.

Kabla ya kununua chochote, mwambie kaka afanye jaribio lisilo na gharama. Achukue sinia jeusi au lililopakwa masizi, aliweke juu ya kipande cha godoro pale paneli itakapokaa, lisiwe chini ya mti wala upenu. Amimine maji yasiyozidi kina cha sentimita moja jioni, ayatazame saa kumi na mbili asubuhi. Afanye hivyo kila usiku wa anga safi kwa mwezi wa Julai mzima. Sinia halina kioo juu yake kama paneli, kwa hiyo litaganda mapema kidogo kuliko paneli. Hilo ni jema kwako, kwani sinia lisilowahi kushika hata utando wa barafu ni dalili nzuri kwamba paneli iko salama. Likishika, hata mara moja tu, chukulia kwamba paneli itaganda siku moja. Usiku mmoja unatosha kuiua.

Inakufaje? Maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa kama asilimia 9. Watu hudhani bomba hupasuka pale barafu iliposhika. Mara nyingi sivyo. Barafu hushika sehemu moja kwanza, ikawa kizibo, kisha inavyokua inasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea upande usio na njia, tuseme kwenye valvu iliyofungwa au kizibo kingine. Shinikizo linapanda mpaka shaba inaachia. Mirija midogo ya ndani ya paneli, yenye unene wa kidole, huvimba na kuchanika kwa urefu kama ganda la kunde, au huachia kwenye maungio yake na bomba kubwa la juu na la chini. Paneli ya mita mbili za mraba hubeba lita moja na nusu hadi mbili tu za maji. Ndiyo maana inaganda haraka, huku tangi la lita 200 hapo juu likiwa bado vuguvugu. Na usitegemee joto la tangi kushuka kuiokoa: maji ya paneli yakishapoa ni mazito kuliko ya tangi, yanakaa chini kimya, hayazunguki.

Sasa, vitabu vingi vya kinga hii vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo barafu hukaa wiki nzima bila kuyeyuka. Njia mojawapo inayotajwa ni ya pampu, sensa ya kupima joto na kontrola ya kuiamuru pampu. Kontrola huwasha pampu paneli ikifika nyuzi 4 au 5 na kupitisha maji ya moto kidogo ndani yake. Kinga hiyo hufa umeme ukikatika, na umeme hauchagui usiku wa kukatika. Ipo pia valvu ndogo inayofunguka yenyewe kwa baridi na kuacha maji yadondoke, ili maji yaliyopoa yatoke na yenye uvuguvugu yaingie. Ni nzuri mpaka chokaa iizibe, na haitoi ishara ikiziba. Sakitu ya Usambara ni ya saa chache, kwa kawaida kutoka usiku wa manane hadi jua linapochomoza. Unachohitaji ni kinga ya saa hizo, isiyotaka umeme wala mtu wa kupanda juu ya paa. Wazazi ni wazee, hata kama hujaandika. Mpango wowote unaoanza na «kila jioni baba apande» tumeutupa.

Tunachokushauri ni hiki: peleka paneli, acha tangi. Nunua tangi la koti la lita 150 au 200, yaani tangi lenye ganda la pili linalolizunguka. Maji ya kuoga yanakaa ndani, na kimiminika cha paneli kinazunguka kwenye ganda la nje. Viwili hivyo havikutani. Joto linapita kwenye chuma. Kwenye mzunguko huo wa nje ndimo dawa inapotiwa, nayo iwe propilini glaikoli yenye vizuia kutu, iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Propilini haina sumu ya ethilini, kwa hiyo hata ukuta wa tangi ukitoboka siku moja, hatari kwa wanaooga ni ndogo zaidi.

Kipimo ni asilimia 30 ya glaikoli na 70 ya maji. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka kama nyuzi 13 chini ya sifuri, ambayo ni baridi kali kuliko utakayoiona Shume. Usiongeze ukidhani unajilinda zaidi. Glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji na ni nzito kusukumika, na mfumo wako hauna pampu, unategemea maji ya moto kupanda yenyewe. Kadiri unavyoongeza, ndivyo joto linavyofika kwenye tangi polepole zaidi. Usipunguze chini ya 25 pia, kwa sababu vizuia kutu vilivyomo hupungua pamoja nayo. Tumia maji yaliyoondolewa madini, yale ya betri yasiyo na asidi, au maji ya mvua yaliyochujwa vizuri kama hayo hayapatikani. Usitumie ya kisima.

Kujaza ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa hiyo soma polepole. Kazi ifanyike alfajiri au paneli ikiwa imefunikwa turubai, maana paneli kavu juani hupita nyuzi 150, na maji baridi yakiigusa hugeuka mvuke usoni mwa fundi. Kwanza jaza maji matupu, uache siku nzima, ukague kila ungio. Glaikoli hupenya mahali ambapo maji hayakupenya, hivyo ungio linalotoa jasho kwa maji litatiririka kwa glaikoli. Kisha fungua koki ya chini kabisa, uyatoe yote kwenye ndoo yenye alama, uandike ujazo. Tuseme umepata lita 15: utahitaji lita 4.5 za glaikoli na 10.5 za maji. Changanya kwenye ndoo safi kwanza. Ukimimina glaikoli peke yake halafu maji, zitakaa tabaka mbali mbali na paneli inaweza kubaki na maji matupu ingawa vipimo vilikuwa sahihi. Jaza kutokea chini kwenda juu, koki ya juu ya kutolea hewa ikiwa wazi, mpaka kitoke kimiminika kisicho na mapovu. Acha nafasi ya kutanuka kama alama ya tangi inavyoonyesha, na valvu ya usalama ya mzunguko huo isiwekewe kizibo hata ikidondosha. Fundi anayeziba valvu ya usalama kwa sababu «inavuja» afukuzwe siku hiyo hiyo.

Bomba kati ya paneli na tangi liwe la shaba. PPR, yaani bomba la plastiki, ni nzuri kwa maji ya kwenda bafuni, lakini karibu na paneli joto huizidi, ikalegea na kupinda. Mabati yaliyopakwa zinki nayo hayapatani na dawa ya glaikoli. Kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya juu ya paneli kwa sentimita 30 au zaidi, isipokuwa kama mtengenezaji ametoa seti iliyounganishwa tayari. Bomba la moto lipande mfululizo hadi kwenye tangi, lisiwe na mgongo wa kati unaokamata hewa. Dalili ya hewa ni rahisi: paneli inaunguza mkono saa sita mchana na tangi bado baridi. Paneli itazame kaskazini, kwa sababu Julai jua liko huko, na miezi hiyo ndiyo wazazi wanahitaji maji ya moto. Mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20 unafaa.

Glaikoli huzeeka. Ikichemshwa mara nyingi, kwa mfano nyumba ikikaa bila mtu na maji ya moto hayatumiki, hugeuka tindikali na kuanza kula shaba. Kila mwaka, mwezi wa Mei kabla ya baridi, toa nusu kikombe. Ikiwa imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua, ibadilishe. Karatasi ya kupimia tindikali ikionyesha chini ya 7, ibadilishe pia. Kwa kawaida hukaa miaka mitatu hadi mitano. Kama huna kifaa cha kupimia nguvu yake, weka kidogo kwenye friza ya nyumbani usiku kucha. Ya asilimia 30 itakuwa uji wa barafu unaokorogeka kwa kijiko, na uji haupasui bomba. Ikiwa jiwe, kuna mtu ameongeza maji tu kila ilipopungua.

Kama fedha ya tangi la koti haipo, zipo njia mbili za chini.

Ya kwanza ni hita ya mirija ya vioo yenye tangi lisilo na shinikizo, ambayo mara nyingi ndiyo nafuu zaidi dukani. Kila mrija ni vioo viwili vyenye ombwe katikati, kama chupa ya chai, na hubeba lita mbili na nusu hivi. Kwa sakitu ya saa chache, mirija haigandi. Kinachoganda ni vile vitu vidogo vilivyo wazi: bomba la kuingizia maji, kitangi kidogo chenye boya, na hasa bomba la kupumulia lililo juu. Hilo la kupumulia likiziba kwa barafu na mtu akafungua maji bafuni, tangi linavuta hewa halipati, linabonyea kama kopo lililokanyagwa. Basi vyote hivyo vivishwe sponji nyeusi ya bomba yenye unene wa milimita 19 au 25, kisha sponji yenyewe ifungwe kwa tepu ya alumini, la sivyo jua litaila na ndege watamalizia. Ubaya wake ni kwamba mrija mmoja ukivunjika, tangi zima linamwagika kupitia tundu hilo. Na usijaze mirija mitupu iliyokaa juani, kwani itapasuka.

Ya pili ni kuhamisha mfumo wako kama ulivyo na kuutoa maji kila usiku wa hatari. Inawezekana tu kama koki ziko mahali ambapo mzee anazifikia akiwa amesimama chini. Lushoto ni milima, kwa hiyo kuna ujanja hapa: paneli na tangi viwekwe kwenye fremu ardhini, mteremkoni nyuma ya nyumba, juu ya usawa wa bomba la kuogea, na bomba la kushuka lifukiwe sentimita 30, maana udongo huko haugandi. Utahitaji koki mbili za kutenga paneli na tangi, moja ya kutolea maji penye chini kabisa, na moja ya kuingizia hewa penye juu kabisa. Jioni: funga zile mbili, fungua ya hewa kwanza, kisha ya chini. Ukisahau ya hewa, maji hayashuki, yananing'inia kama kwenye mrija uliozibwa kidole. Bomba ziwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea koki ya chini, zipimwe kwa pimamaji, si kwa jicho. Mara ya kwanza pokea maji yanayotoka uyapime. Paneli ya lita mbili ikitoa lita moja na robo, kuna maji yamejificha, nayo ndiyo yatakayopasua. Asubuhi jaza kabla jua halijaigusa paneli. Na paneli yenye maji isifungwe koki zote mbili huku ya hewa nayo ikiwa imefungwa, jua likichomoza hilo ni bomu. Weka valvu ya usalama upande wa paneli.

Kwa usiku mmoja mmoja, paneli ya ardhini inaweza pia kufunikwa blanketi zito na turubai juu yake. Hilo huzuia joto kupotelea angani na mara nyingi latosha, mradi lifunikwe alasiri paneli ikiwa bado na joto.

Kabla ya kuisafirisha, ikague. Ikiwa miaka yote ilikula maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, ndani kuna ukoko wa chokaa. Maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani ni afadhali, lakini ikague tu. Jaza gramu 50 za asidi ya ndimu kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, iache saa mbili, suuza mpaka maji yatoke meupe. Angalia fremu na skrubu zilizoliwa na chumvi, na mpira wa kioo uliokauka, kwani unyevu ukiingia ndani ya kioo paneli hupoteza nguvu huko milimani ambako jua lenyewe la kuwania.

Na endapo siku moja watapiga simu kwamba kumekucha na sakitu na maji ya moto hayatoki, mwambie kaka asimwage maji ya moto juu ya paneli wala asigonge mabomba. Afunge maji yanayoingia kwenye paneli mara moja, kabla jua halijapanda. Bomba lililopasuka halivuji likiwa na barafu, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Litaanza kuvuja saa tatu au nne, barafu ikiyeyuka. Asimame hapo saa hizo, atie alama kila panapodondosha, na fundi atakayekuja azibe kwa kulehemu kwa fimbo ya shaba na fosforasi au ya fedha, si kwa risasi ya bati, ambayo paneli kavu ya mchana inaweza kuilegeza.